Brashi Moja, Milango Miwili

Wiki iliyopita niliwaacha mnanitazama nikiwa mlangoni kwa Mkuu wangu wa kazi, mkono kwenye kitasa. Aliyenikuta leo asijali. Aibu yangu haihitaji maelezo marefu.

Mimi ni mkaguzi wa maeneo ya uhalifu. Napaka unga mweusi kwenye madirisha na meza kutafuta alama za vidole, nasugua kijiti cha pamba kuchukua chembechembe za mwili ambazo jicho halizioni, kisha maabara inasoma vinasaba na kusema ni za nani. Kazini wananiita Mama Poda.

Jumanne moja asubuhi, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alinipigia simu. Yeye ni fundi wa funguo na vitasa. Kibanda chake kilikuwa kimevunjwa, na mfuko wake wa vifaa vya kufungulia vitasa umeibiwa. Nikapita kumsaidia kindugu, bila kuandika popote. Nikapaka unga kaunta na droo, sikupata alama ya maana.

Mchana wa siku hiyohiyo nikaitwa nyumbani kwa mwalimu mstaafu, mama wa watu, aliyekutwa amekufa jikoni, amepigwa kichwani tangu jana yake. Nikatumia brashi ileile.

Mlango wa Mwalimu haukuvunjwa, ulifunguliwa kifundi. Kwa hiyo wapelelezi wakawaomba mafundi vitasa wote wa mtaa watoe mate yapimwe. Shemeji akatoa huku anatania. Majibu yakarudi kwamba kwenye komeo la dirisha la jikoni kuna chembechembe zake. Akaapa hajawahi kukanyaga nyumba ile. Wakampeleka mahabusu, mdogo wangu akalia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikanyamaza wiki sita.

Sasa nikazungusha kitasa, nikaingia.

Mkuu alikuwa anachonga penseli juu ya pipa la taka. Hakuinua macho.

“Mama Poda, kaa.”

“Nitasimama, Mkuu. Nikikaa nitaghairi.”

Hapo akaniangalia.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kibanda cha Shemeji asubuhi, jikoni kwa Mwalimu mchana. Nikamwambia kwamba sikufungua brashi mpya kama taratibu zinavyotaka penye kifo, na kwamba nilipaka unga kwanza ndipo nikasugua pamba. Hata aliyeajiriwa jana anajua kuwa pamba hutangulia.

“Chembechembe zile nilizipeleka mimi, Mkuu. Zilipanda brashi kwenye kaunta yake, zikashukia kwenye komeo la Mwalimu. Yule mtu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.”

Ncha ya penseli ikavunjika.

“Umelijua hili tangu lini?”

“Tangu siku ya majibu.”

“Wiki sita.”

“Wiki sita.”

“Na wiki zote hizo unakuja kazini, unasaini mahudhurio, unanisalimia?”

“Ndiyo, Mkuu.”

“Kwa nini brashi mpya hukufungua?”

Ningeweza kusema zilikuwa zimeisha. Hazikuwa zimeisha. Zilikuwepo nne kwenye gari, kila moja na karatasi yake. Lakini brashi yangu ilikuwa ya manyoya laini, nimeachiwa na aliyenifundisha kazi siku anastaafu, na hizi za kisasa naziona zinachubua alama. Kwa ufupi, nilijiona najua kuliko taratibu.

“Kiburi,” nikasema.

Mkuu akaguna. Akachukua daftari la matukio, akafunua mpaka Jumanne ile.

“Hapa sioni kibanda chochote cha funguo.”

“Sikuandika. Haturuhusiwi kazi za ndugu.”

“Nani alikuona ukiwa pale?”

“Shemeji na mdogo wangu.”

“Yaani mshtakiwa na mkewe.” Akafunga daftari. “Sasa nisikilize. Mtu kashikwa kwa mauaji, ushahidi wenyewe ni hilo komeo tu. Halafu anakuja dada wa mkewe, anasema mwachieni mtu wangu, kosa ni la brashi. Maandishi hana, shahidi hana. Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki, ungeniamini?”

“Nisingekuamini, Mkuu.”

“Ungekuja siku ile ya majibu ningekuita mzembe. Leo nitakuita nani? Brashi yenyewe iko wapi?”

Swali lile ndilo nililokuwa naliogopa. Brashi ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Niliitoa kwenye mkoba wa kazi kwa nia ya kuichoma. Nikawasha kiberiti mara mbili, mara mbili nikakizima. Si kwamba nilikuwa na dhamiri, jamani. Niliionea huruma brashi kabla ya kumwonea huruma mtu aliyelala mahabusu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

“Kopo la biskuti,” Mkuu akarudia polepole, kama anayeonja dawa chungu. “Ungeweza kuisugua kwenye shati la shemeji yako kila siku, Mama Poda. Kama ushahidi haina kazi tena.”

Akainua simu, akampigia Bi Darubini.

Bi Darubini ndiye mkuu wa maabara. Mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, akikuambia habari za asubuhi unajiuliza anapima nini. Alikuja na koti lake jeupe, akasikiliza akiwa amesimama, na nilipofika kwenye brashi akatikisa kichwa.

“Sitaki kuiona. Nipe ulichokifunga siku ileile.”

“Sina.”

“Unazo. Kadi zako za utepe.”

Nikajiona mjinga wa mwisho. Tukishapaka unga, tunabandika utepe angavu wa gundi juu ya alama, tunaubandua na kuugandisha kwenye kadi, tunasaini, tunafunga bahasha kwa lakiri. Jikoni kwa Mwalimu nilichukua kadi kumi na moja. Zilikuwa stoo ya vielelezo tangu Jumanne ile, na mkono wangu haukuzigusa tena.

“Nipe siku mbili,” Bi Darubini akasema. “Na wewe nenda nyumbani ukaoge. Unanuka hofu.”

Siku mbili hizo sikumwambia mdogo wangu kitu. Alinipigia kila saa. “Dada, hujasikia lolote huko kazini?” Namjibu bado. Ananiambia Mungu akubariki dada yangu, bila wewe ningekuwa nimekufa. Nakata simu, nauma mto.

Siku ya tatu Bi Darubini akaniita. Mkuu alikuwa ameshafika.

“Angalia humu.”

Nikainama kwenye darubini. Unga wangu mweusi ulikuwa umetandazwa kama masizi, na katikati yake kulikuwa na vitu vidogo vinavyong'aa rangi ya dhahabu.

“Nini hicho?”

“Vumbi la shaba. La kuchonga funguo. Liko kwenye kadi tisa kati ya kumi na moja. Jokofu, sinki, fremu ya mlango, dirisha. Na limekaa kwa mistari, kufuata manyoya ya brashi. Mtu hawezi kugusa sehemu tisa na kuacha mistari ya manyoya, labda awe paka.”

Mkuu akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

“Kwa hiyo brashi yake ilipita kwenye funguo kabla ya kufika jikoni,” akasema.

“Ilipita.”

Nikashika ukingo wa meza. “Kwa hiyo Shemeji hakufika kule!”

Bi Darubini akanigeukia. “Nani kasema? Mimi nimesema chembechembe za komeo zingeweza kupanda brashi. Zingeweza. Kama ingekuwa tone la damu au mate ningekuwa na la kusema zaidi. Hizi ni punje za ngozi zisizojaza hata ncha ya sindano. Vinasaba vinaniambia ni za nani. Haviniambii zilifika lini, wala zilikuja na usafiri gani. Mtu akikupa mkono asubuhi, naweza kumkuta mchana kwenye mlango ambao hajauona maishani. Na anaweza pia kuwa aliushika mwenyewe. Kwangu mimi watu hao wawili wanafanana.”

“Lakini wewe unaamini lipi?”

“Sikuajiriwa kuamini.”

Nilimsikia vizuri. Ila katika maneno yake yote niliondoka na lile moja nililolitaka, nikalishika kwa mikono miwili.

Mambo yakaenda mbio. Mwendesha mashtaka akasoma ripoti ya maabara na ungamo langu, akasema kwa komeo lile hawezi kusimama mahakamani. Mashtaka yakaondolewa. Mimi nikapewa barua ya kusimamishwa kazi, na ikaamriwa mafaili yangu yote ya miaka minane yafunguliwe upya, moja baada ya jingine. Kuna watu wamefungwa kwa unga wangu. Kuna wengine huenda waliachiwa kwa sababu yangu. Sijui wangapi, na kila nikifumba macho najaribu kuwahesabu.

Siku ile natoka na barua yangu, kwenye korido nikakutana na binti wa Mwalimu. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, ameshika bahasha kubwa kifuani.

“Wewe ndiye wa brashi?”

“Ndiye mimi.”

Nikasubiri matusi. Nilikuwa nayataka.

“Sikuja kukutukana, mama. Nauliza tu. Kama si yeye, ni nani?”

“Sijui, mwanangu.”

“Na miwani ya mama mmeipata? Ile ya kamba nyekundu. Ile kamba nilimsukia mwenyewe, alikuwa haivui shingoni. Nimeambiwa haikuwepo kwenye vitu vyake.”

“Bado haijapatikana.”

“Nyumba nzima mliipaka weusi, nimesugua wiki nzima haitoki. Miwani tu ndiyo mkashindwa kuiona.”

Nikamwambia pole. Neno lilitoka dogo kuliko punje ya unga. Akapita.

Jumamosi mchana Shemeji akarudi nyumbani. Sebule ya mdogo wangu ilijaa majirani, viti vya kuazima mpaka barazani, redio inaimba, watoto wanapita chini ya meza. Shemeji alikuwa amekonda, shingo imebaki nusu, lakini mdomo wake haukukonda.

“Mahabusu nimejifunza kitu kimoja,” aliwaambia watu. “Kitasa kikiwa upande wa nje, fundi hana kazi!”

Watu wakaangua kicheko. Aliponiona akasimama, akaja kunikumbatia mbele ya wote.

“Huyu hapa! Huyu kajitia kitanzi ili mimi nitoke. Kazi kapoteza, jina kapoteza. Nani ana shemeji kama huyu?”

“Mimi ndiye niliyekutia ndani, Shemeji.”

“Na wewe ndiye uliyenitoa. Tuko sawasawa. Yamekwisha.”

Nikalia pale pale, kama mtoto. Wiki nane nilikuwa nimebeba kitu kifuani, na mtu niliyemdhulumu ananipangusa machozi kwa kiganja chake. Nilijiambia, haya, hata wakinifukuza kazi moja kwa moja, roho yangu imepona.

Nilipoinua uso nikamwona mdogo wangu mlangoni mwa chumba chao. Mke ambaye mumewe karudi kutoka kuzimu, na hacheki. Akaniita kwa kidevu.

Nikamfuata. Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani.

“Una nini wewe? Wageni wamejaa, unafunga mlango?”

“Dada, ule mfuko alioibiwa kibandani unaukumbuka?”

“Wa vifaa? Nitaacha kuukumbuka? Si ndio uliotuponza wote.”

Akapiga magoti, akavuta sanduku lililokuwa uvunguni mwa kitanda. Akaondoa mablanketi, akaondoa nguo zake za harusi, akatoa kitu kilichoviringishwa ndani ya kanga.

“Asubuhi natafuta shuka zuri la kumtandikia. Nimekuta hiki.”

Akanipa. Nikapokea, nikafungua kanga. Ulikuwa mfuko wa turubai wenye kiraka cha bluu pembeni.

“Labda kanunua mwingine,” nikasema.

“Kile kiraka nilikishona mimi, Dada.”

Naomba mnielewe hapa. Ningekuwa kazini, nisingegusa mfuko ule bila glavu, tena jozi mbili. Lakini nilikuwa chumbani kwa mdogo wangu, mikono yangu ilikuwa mikono ya dada tu. Nikafungua zipu. Nikatia mkono ndani, nikatoa vyuma vyake vyembamba, kimoja kimoja, nikaviweka kitandani. Chini kabisa vidole vyangu vikagusa kioo.

Nikatoa miwani. Kioo cha kulia kilikuwa na ufa. Kamba yake ilikuwa nyekundu, imesukwa kwa mkono.

“Ya nani hiyo?” mdogo wangu akauliza.

Nikainyoosha ile kamba kidoleni.

“Dada, nakuuliza, ya nani? Yeye havai miwani. Mimi sivai.”

Kichwani kwangu Jumanne ile ilikuwa inajipanga upya. Kibanda niliambiwa asubuhi kuwa kimevunjwa. Mwalimu alikutwa mchana, lakini alikuwa amekufa tangu jana yake. Wakati Shemeji ananilalamikia mfuko wake, hakuna aliyejua kama kuna maiti jikoni mahali popote. Hakuna, isipokuwa mmoja. Na polisi hakuwaita. Alinipigia mimi, mwenye brashi.

“Sema kitu, Dada. Unanitisha.”

“Kuna mwingine aliyeuona mfuko huu?”

“Wewe tu.” Akanishika mkono, mkono wake wa baridi. “Kama ni kitu kibaya, kifute. Wewe unajua kufuta, ndiyo kazi yako. Mtu wangu karudi leo. Leo, Dada. Hata sijakaa naye.”

Nikasogea dirishani, nikainua miwani kwenye mwanga. Kwenye kioo kizima palikuwa na alama ya dole gumba, kamili, ya kusomeka bila hata chembe ya unga. Naijua alama ile, nimeichapa kwenye fomu za kazi miaka minane.

Ilikuwa yangu.

Nikaanza kuwaza kama fundi. Nikiifuta alama yangu, nafuta na ya kwake kama ipo. Nikiipeleka ilivyo, nitasema niliikuta sandukuni, na watasema ni yuleyule Mama Poda, juzi anamtoa mtu kwa brashi, leo anamrudisha kwa miwani. Nani ataniamini mara mbili? Bi Darubini atainama kwenye darubini yake, atasema vinasaba vya watu watatu, ndugu watupu, na vilifikaje hajui.

“Shemeji!” sauti ya mumewe ikaniita kutoka koridoni, yenye furaha. “Mko wapi nyie? Watu wanataka kukuona!”

Mdogo wangu akaanza kurudisha vyuma mfukoni, vinagongana, vinamponyoka.

“Tunakuja!” nikajibu. Sauti haikuwa yangu.

Kitasa kikatikiswa. Kisha tukamsikia anacheka, na kitu chembamba cha chuma kikaanza kukwaruza ndani ya tundu la ufunguo.

“Yaani mnamfungia mlango fundi vitasa?”

Mdogo wangu akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, na sikujua ananiambia nisifanye lipi.

Kitasa kikazunguka.

Nikaitia miwani kwenye mkoba wangu.